Hofu ya Kuuliza Haianzi kwa Anayeuliza

Mkufunzi amemaliza kueleza. Anafunika kalamu ya ubao, anazungusha waya wa kompyuta yake, anautia mkobani, na huku macho yakiwa kwenye zipu anasema: "Kuna mwenye swali?" Ukumbi kimya. Mmoja anatazama saa, mwingine anajifanya anaandika. "Hakuna? Basi tumeelewana." Watu wanatoka. Hawajafika hata mwisho wa korido, mtu anamvuta mwenzake mkono: "Hivi wewe ile sehemu ya pili uliielewa?" "Hata mimi iliniacha." Wa tatu anaingilia: "Nilidhani ni mimi peke yangu." Ndani ya dakika mbili yamezaliwa maswali manne au matano, yote ya maana, na mtu aliyeweza kuyajibu ameshaondoka.

Nimewahi kukaa kwenye viti vya ukumbi kama huo, na nimewahi kuwa huyo anayezungusha waya. Ukiwa mbele, kimya kile unakipokea kama ruhusa: wameelewa, twende. Ukiwa nyuma unajua kwamba ndani ya kimya kile kila mtu anapiga hesabu. Nikiuliza nitaonekanaje? Labda hili lilishajibiwa nikiwa sijasikia? Yule aliyeuliza wiki iliyopita alijibiwa nini? Hesabu ikionyesha kwamba kunyamaza ni nafuu, mtu hunyamaza.

Tukiligusa jambo hili, dawa tunayoitoa ni ileile. Usiogope. Jiamini. Kuuliza si ujinga. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sina ugomvi na methali hizo. Nimezirithi na ninazitumia. Ila zote zinamsemesha mtu mmoja, yule mwenye swali kooni, kana kwamba tatizo linaishi kwake na yeye akijikaza limekwisha. Ninavyoona mimi, hofu ya kuuliza mara nyingi ni somo lililoeleweka vizuri. Mtu ameona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake kwamba swali lina bei, na bei hiyo huipanga anayeulizwa.

Watazame watoto kabla hawajajua kupiga hesabu hiyo. Nchini Uingereza, watafiti Barbara Tizard na Martin Hughes waliwarekodi wasichana 30 waliokaribia kutimiza miaka 4. Waliwarekodi nyumbani wakiwa na mama zao, kisha wakawarekodi shule ya awali, na mwaka 1984 wakachapisha walichokisikia. Nyumbani, kwa wastani, mtoto aliuliza maswali 26 kwa saa. Shuleni aliuliza 2. Mtoto ni yuleyule, akili ni ileile, na hakuna aliyekatazwa kuuliza. Walimu hawakuwa wakali. Kilichobadilika ni kwamba shuleni waulizaji walikuwa watu wazima, na mara nyingi waliuliza mambo ambayo majibu yake wanayajua tayari: hii rangi gani, hapa viko vingapi. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anahitaji siku chache tu kugundua kwamba mahali hapa maswali yanatoka juu kwenda chini, na kazi yake yeye ni kujibu.

Nyumbani nako si salama kila siku. Jioni moja nilikuwa naendesha gari, mwanangu yuko kiti cha nyuma, amebandika uso kwenye kioo. Akauliza: "Baba, mbona mwezi unatufuata?" Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia mwezi haumfuati mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini miti inabaki nyuma. Mwezi haubaki." Nikamjibu: "Acha maneno mengi, baba anaendesha." Akaacha. Safari yote iliyobaki hakusema neno, na kwa aibu nakiri kwamba wakati ule nilifurahia ule utulivu.

Siku chache baadaye nilipita barabara ileile peke yangu, mwezi ukiwa ubavuni, na ni kweli ulikuwa unanifuata. Nikajaribu kujieleza kwa nini. Sikuweza. Hapo nikaelewa kwamba jioni ile sikukasirishwa na uchovu peke yake. Mtoto alikuwa amegusa mahali nisipopajua, nami nikapafunika kwa sauti ya mkubwa. Tangu siku hiyo, kila nikimsikia mtu anamkemea muulizaji kwa ukali usiolingana na swali, hujiuliza kama na yeye ameguswa mahali kama pale.

Lugha yetu imetunza kumbukumbu ya jambo hili. Tuna maneno mengi ya kuuliza: mtu anauliza njia, anadadisi chanzo, anamsaili anayeomba kazi, anamhoji kiongozi. Lakini chukua hilo la mwisho uliweke mdomoni mwa mkubwa, "Unanihoji mimi?", na hapohapo limegeuka onyo. Mjuaji, kwa umbo la neno, ni mtu anayejua. Tukilitamka tunamaanisha mtu anayetakiwa kushushwa. Anayetaka kujua upesi ana kiherehere. Anayerudia swali ni mbishi. Anayeuliza mfululizo anauliza maswali ya kipolisi. Na lipo lile "tumeelewana?", ambalo likisemwa kwa sauti fulani lina jibu moja tu linaloruhusiwa. Mtoto hajifunzi maneno haya peke yake. Anajifunza na bei zilizobandikwa juu yake.

Gharama ya bei hizo haionekani kila siku, kwa sababu swali lisiloulizwa haliachi alama. Lakini kuna mara chache ambapo vinasa sauti vilikuwa vinafanya kazi.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hazikuonana. Ya KLM, shirika la Uholanzi, ilikuwa imefika mwisho wa njia na kugeuka, tayari kuruka. Ya Pan Am, shirika la Marekani, ilikuwa bado inatembea juu ya njia ileile. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mzito katika shirika lake, mkuu wa mafunzo ya marubani wa ndege za aina hiyo. Alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba bado hawajapata kibali cha mnara wa kuongozea ndege. Akasimama, akamwambia aombe. Mnara ukawapa maelezo ya njia ya kufuata angani, na kabla kibali cha kuruka hakijatoka, mkuu akaanza kuondoka tena. Safari hii msaidizi hakumkumbusha.

Ndipo redioni ikasikika sauti ya Pan Am ikisema itatoa taarifa ikishatoka kwenye njia. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani wale wawili, aliisikia. Akauliza, kwa Kiholanzi, kama yule wa Pan Am bado hajatoka. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Muda mfupi baadaye, ndani ya sekunde zisizofika 20, ndege zile ziligongana, na watu 583 wakafa. Katika historia ya usafiri wa anga, hakuna ajali ya ndege kwa ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Narudia kulitafakari tukio hili kwa sababu ya jambo moja: swali liliulizwa. Mhandisi hakuwa mwoga, na msaidizi naye alishamsahihisha mkubwa wake dakika moja kabla. Kila kitu tunachowaambia watu wafanye, walikifanya. Kilichokosekana ni mahali pa swali kutua. Neno moja la mtu anayeheshimika lilitosha kulizima, na kwa mtu wa chini, kuuliza mara ya pili ni ghali kuliko mara ya kwanza, maana mara ya pili huulizi tena; unapinga.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya shirika la United ilizunguka karibu na jiji la Portland nchini Marekani kwa muda wa kama saa moja, rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu ya kutulia. Wenzake waliona mafuta yanapungua. Walisema, lakini kwa sauti ya mtu anayepitisha taarifa, wala si ya mtu anayesimamisha jambo. Mafuta yakaisha na ndege ikaanguka. Watu 10 walikufa. Wachunguzi wa Marekani walipotoa mapendekezo yao hawakuishia kusema wasaidizi wafundishwe kusema kwa uthabiti. Walitaka pia marubani wakuu wafundishwe kuongoza kwa kuwashirikisha wenzao. Mwaka 1979 shirika la anga la NASA likaitisha warsha kuhusu suala hilo, na mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo ya aina hiyo. Leo mafunzo hayo yameenea katika usafiri wa anga duniani: mkuu anafundishwa kuomba kusahihishwa kabla hajahitaji kusahihishwa.

Naona busara kubwa hapo. Wangeweza kuwatafuta wasaidizi majasiri zaidi na kuwaacha wakubwa kama walivyo. Lakini usalama unaotegemea ushujaa wa mtu wa chini hudumu mpaka siku atakayokuwa amechoka, au mgeni kazini, au ana mkopo na hataki kupoteza ajira.

Hospitalini mambo ni hayohayo, na huko ndiko nilikopata kitu kilichobadilisha jinsi ninavyosoma kimya. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alikuwa anachunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali mbili. Alitarajia, kama mimi na wewe tungetarajia, kwamba wodi zenye uongozi mzuri na watu wanaopatana zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: wodi zilizoonekana bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye rekodi. Angeweza kutupa karatasi zile. Badala yake akajiuliza ni nini hasa alichokuwa anakipima. Mtu mwingine akatumwa wodini bila kuambiwa matokeo, akaenda kukaa na wauguzi na kusikiliza. Tofauti ilikuwa hii: kwenye wodi nzuri watu waliyataja makosa yao na kuyaulizia, kwenye wodi za hofu waliyaficha. Makosa hayakuwa mengi zaidi, yalikuwa yanaonekana zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1996.

Tangu niujue, sipokei tena taarifa ya "hakuna tatizo" kama zamani. Idara ambayo mwaka mzima haijauliza chochote, darasa lisilo na swali, kikao kinachokwisha kabla ya muda kwa sababu wote wamekubali: yawezekana ni uelewano. Yawezekana pia ni ile wodi ya hofu.

Wapo waliochukua hatua ndogo tu, ikazaa. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya ukaguzi ya vipengele 19 kwa ajili ya chumba cha upasuaji, ikajaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Vingi katika orodha hiyo ni vitu vya kawaida, kama kuthibitisha mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, na dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa lini. Lakini kipo kipengele ambacho mtu anaweza kukipita bila kukiona: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Sitasema vifo vilipungua kwa sababu ya kutajana majina. Vipengele vile vinafanya kazi kwa pamoja. Ila hebu mfikirie muuguzi mgeni katika chumba kile. Sauti yake imeshasikika mara moja, na hakuna lililompata. Dakika 40 baadaye akiona kitu hakiko sawa, kinywa chake hakifunguki kwa mara ya kwanza.

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba swali ni king'ora cha hatari tu. Udadisi una thamani nyingine, ya polepole. Unaweka akiba ambayo mwenyewe hujui utaitumia lini. Mwaka 1960 Frances Kelsey, daktari na mtaalamu wa dawa, alikuwa na kama mwezi mmoja tu kazini katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani alipokabidhiwa faili la talidomaidi. Lilionekana faili jepesi. Dawa hiyo ya usingizi ilishauzwa katika nchi nyingine nyingi, na wajawazito walikuwa wanaimeza kwa ajili ya kichefuchefu. Kelsey aliona ushahidi uliomo hautoshi, akarudisha faili na maswali. Kampuni ikaleta karatasi zaidi, naye akaleta maswali zaidi. Februari 1961 akasoma barua ya daktari mmoja katika jarida la kitabibu la Uingereza, ikieleza ganzi ya mikono na miguu kwa wagonjwa waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu. Hapo swali lake likapata makali: ikiwa inadhuru neva za mtu mzima, inamfanya nini mtoto aliye tumboni?

Kwa nini yeye awaze hivyo na si wale wote waliosoma barua ileile? Miaka ya vita kuu ya pili alikuwa kwenye utafiti wa dawa za malaria, na alishaona kwamba sungura aliye tumboni hawezi kuivunja kwinini kama anavyoweza mama yake. Ulikuwa udadisi wa maabara, haukuhusu talidomaidi hata kidogo. Ulikaa karibu miaka 20 ukisubiri.

Kampuni haikuwa na jibu. Ilimsumbua, ikamlalamikia kwa wakubwa wake. Wakubwa hawakumnyang'anya faili. Mwishoni mwa mwaka 1961 madaktari wa Ujerumani na Australia waliihusisha dawa ile na watoto waliokuwa wanazaliwa bila mikono au miguu kamili. Duniani kote walifikia zaidi ya 10,000. Marekani, kwa kuwa dawa haikupata kibali, walioathirika walikuwa wachache sana, baadhi yao kupitia vidonge vya majaribio. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimvisha Kelsey nishani, na anastahili. Ninachotaka kisisahaulike ni wale wakubwa wake ambao sifa zao haziimbwi. Mgeni wa mwezi mmoja anaulizauliza na kuchelewesha bidhaa ya watu wenye fedha. Wao walikuwa na kila kisingizio cha kumwambia aache maneno mengi.

Najua yatakayosemwa. Kwamba si kila swali ni udadisi, na hilo ni kweli. Kuna anayeuliza "hivi wewe ulisomea wapi?" na hataki kujua jina la chuo. Kuna anayeuliza kabla hajasoma hata ukurasa wa kwanza, akitaka mwenzake amtafunie. Kuna umbea, unaovaa nguo za udadisi ili uingie kwenye chumba cha mtu: kwa nini hawana mtoto, kwa nini aliachwa. Kipimo ninachokitumia ni kuangalia jibu likishapatikana linakwenda wapi. Mdadisi hulirudisha kwenye jambo, mmbea hulipeleka kwa jirani. Na kuna wakati kweli hapana nafasi ya swali. Mgonjwa anavuja damu, moto umeshika paa. Hapo amri inatiiwa. Lakini waliozima moto vizuri waliulizana kabla ya moto. Mkubwa anayetumia dharura kama sababu ya kutoulizwa siku zote 365 hana dharura, ana mazoea.

Kwa hiyo anayeulizwa afanye nini? Mfano ninaoupenda kuliko yote ulianza na mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa sekondari ya Magamba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inagombaniwa, akaogopa kuikosa, akaingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia wa baridi. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, akauliza tena darasani. Akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaipenda kauli hiyo. Kuanzia hapo kila alipokosea hesabu wenzake walisema ni hesabu ya Mpemba. Hiyo ndiyo bei ninayoisema, na aliilipa kwa muda mrefu.

Kisha akaja mgeni shuleni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na kuuliza kwa mara ya tatu: chukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, viweke kwenye jokofu, kilichoanza na 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alikuwa na elimu ya kutosha kumnyamazisha kwa sentensi moja, na wote wangecheka. Badala yake akamuuliza kama kweli amelifanya. Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, na kwamba akirudi atalijaribu.

Sina uhakika kama tunaupima vizuri uzito wa hilo jibu. Mtaalamu amesema sijui mbele ya darasa zima la wanafunzi, na wala heshima yake haikupungua. Ndiyo maana tunamtaja mpaka leo. Alirudi, akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaja na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao, majina yote mawili yakiwa juu. Na mpaka sasa wanafizikia hawajakubaliana. Wapo wanaotafuta sababu, na wapo, kama watafiti wa Uingereza waliochapisha vipimo vyao mwaka 2016, wanaosema hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo lenyewe hutokea. Swali la mwanafunzi aliyechekwa limeishi zaidi ya miaka 60 na bado linawapa watu kazi.

Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mwanangu na kioo cha gari. Ilikuwa imepita miezi. Jioni moja nikamwambia: "Unakumbuka uliniuliza kuhusu mwezi? Nilikuwa sijui. Nimetafuta." Alinitazama kama anayesubiri sehemu ya pili ya maneno, labda ile ya kumkemea. Nikamwambia anyooshe kidole mbele ya pua, afumbe jicho moja, kisha asogeze kichwa kulia na kushoto. Kidole kikakimbia ukutani. Nikamwambia sasa atazame mlima ule wa mbali, afanye vilevile. Ukatulia. Nikamweleza kwamba kitu kilicho karibu ukisogea kidogo tu kinahama mbele ya macho yako, na cha mbali hakihami sana. Na mwezi uko mbali kilomita kama 384,000, hata tukiendesha kilomita nyingi utaonekana karibu palepale, wakati miti inabaki nyuma. Kwa hiyo macho yetu yanaona kama unakuja nasi.

Akarudia na kidole. Akarudia na mlima. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara na mwezi umeshapanda, magari yanapita kwenda pande zote mbili. Akaonyesha moja lililokuwa linakwenda kinyume na nyumbani.

"Na yule naye anaona unamfuata yeye?"

Nikasema nadhani ndiyo.

"Tutajuaje?"